Mimi Ndiye Niliyeshika Kamba ya Pazia

Nilikuwa mwalimu msaidizi katika shule ndogo ya serikali pale Dodoma, miaka michache baada ya reli ya Wadachi, yaani Wajerumani, kufika. Mji ulikuwa bado mchanga. Palikuwa na boma, stesheni, maduka machache ya Wahindi na Waarabu, na vibanda vya wafanyakazi wa reli vilivyojipanga ovyo kwenye vumbi. Wazee wangu walikuja bara na misafara, wakabaki Kilimatinde, nami nikazaliwa huko. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani kwetu, Kigogo nilikipata kwa kucheza na wenzangu, na Kidachi kidogo nilikipata kwa fimbo darasani. Lugha hizo tatu ndizo zilizoniponza.

Mwaka ule mvua ilikataa kabisa. Uwele ulichomoza, ukafika magotini, ukakauka. Watu walikula ubuyu, wakala mizizi, wengine wakachemsha ngozi walizokuwa wakilalia. Waliobahatika ni wale wenye kazi ya reli, maana kila juma walipewa posho ya unga, nao waliigawa nyumbani mpaka ikawa haimshibishi mtu yeyote.

Katika mwezi wa njaa kali kuliko yote, bwana shauri aliniita bomani. Bwana shauri ndivyo tulivyomwita mkuu wa boma. Alikuwa mtu mrefu, mpole wa sauti, tena mpenda vitabu. Aliniambia kwamba mgeni mkubwa anakuja kwa gari moshi kutoka Dar es Salaam kuitazama nchi, na kwamba ngoma peke yake haitoshi. Alitaka mchezo wa kuigiza. Alikuwa ameuandika mwenyewe. Mfugaji mmoja tajiri anaibiwa ng'ombe zamani za vurugu. Kisha serikali inaleta amani, mfugaji anapata mali tena, anamwoza binti yake kwa karamu kubwa. Mwisho wote wanaimba.

"Mimi niigize nani, bwana?" nikauliza.

"Wewe huigizi," akasema. "Kwetu kuna mtu ambaye watazamaji hawamwoni. Anajua kila kitu kiko wapi, nani anaingia lini, nani amesahau maneno yake. Anafungua pazia, anafunga pazia. Mchezo ukishaanza, hata mimi siwezi kumwamuru. Wewe ndiye mtu huyo."

Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Sikuwahi kuambiwa na Mdachi kwamba kuna mahali ambapo yeye hawezi kuniamuru.

Jukwaa letu lilikuwa banda la mizigo la stesheni. Lilikuwa na sakafu ya mbao iliyoinuka kiasi cha kifua cha mtu, na upande mmoja ulikuwa wazi kuelekea uwanjani. Nilipata turubai kuukuu, nikalitoboa matundu pembeni, nikalipitisha kamba, likawa pazia. Nilining'iniza kipande cha reli kwenye boriti, nikakigonga kwa nyundo kuwa ndiyo kengele. Nilichukua majivu nikachora alama sakafuni: hapa asimame baba, hapa wakae wageni, hapa chungu. Katika daftari niliandika kila kitu. Vibuyu vitano. Mikuki miwili isiyo na makali. Kanzu moja nyeupe, mali ya boma. Zeze moja.

Wachezaji walitolewa kwenye kazi ya reli. Bibi harusi aliigizwa na mpishi wa boma, mtu mfupi aliyefurahi mno kuvaa ushanga. Lakini mchezo wote ulisimama juu ya mtu mmoja, Mgogo wa makamo aliyekuwa akibeba mawe ya njia. Yeye ndiye aliyekuwa baba, mfugaji tajiri. Na kweli alikuwa amewahi kuwa na ng'ombe. Walikufa wote kwa ukame, mmoja baada ya mwingine, ndipo akaja kubeba mawe. Alikuwa na sauti ambayo sijapata kuisikia tena. Aliposema jambo bila kukaza koo, mtu aliye upande wa pili wa uwanja alilisikia kama ameambiwa sikioni. Na alipiga zeze hata wasimamizi wa reli wakaacha kutukana.

Nilikuwa mdogo kwake kwa miaka kama ishirini, kwa hiyo nilimwamkia shikamoo kila asubuhi. Aliitikia marahaba, halafu akanirudishia salamu ya kwao: "Mbukwa, mwalimu." Nyumba yake, tembe la udongo, ilikuwa upande wa Makole, ambako siku hizo palikuwa na matembe matatu tu na miiba. Aliishi pale na mkewe na mama yake mzee. Watoto alikuwa amewapeleka kwa wajomba zao upande wa Chemba, akitumaini huko kuna nafuu.

Tulifanya mazoezi kila alasiri. Karamu ndiyo iliyotusumbua, kwa sababu ilihitaji chakula na chakula hakikuwepo. Bwana shauri aliagiza tutumie mchanga uliolowa maji. Tukaujaza kwenye chungu, tukaupiga juu ukawa mviringo kama ugali. Yule baba aliumega mchanga ule kwa vidole vitatu, akaufinya, akauchovya kwenye kibuyu kitupu cha mlenda, akawakaribisha wageni wake kwa adabu zote za Kigogo. Nilipomtazama mate yalinijaa mdomoni. Baadaye alijipangusa mikono kwenye suruali, akarudi kwenye mawe.

Siku tano kabla ya mchezo, chakula cha kweli kililetwa kwa gari moshi. Magunia ya unga, mchele wa pwani, madebe ya samli. Bwana shauri alitaka siku ile chungu kijae kweli, kwa sababu mgeni angekuja na mtu wa kupiga picha, na picha ya mchanga ni picha ya mchanga. Vitu viliwekwa kwenye chumba kidogo nyuma ya banda. Mlango ulifungwa kwa kufuli na ukatiwa lakiri, ile nta ya kufungia, yenye muhuri wa boma. Ufunguo nilipewa mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwangalizi wa vyombo vyote vya mchezo.

Kesho yake ikaja simu ya waya kwamba mgeni amechelewa. Siku iliyofuata tena, amechelewa. Tukaendelea na mchanga wetu, na harufu ya samli ilitoka chini ya mlango.

Jioni ya siku ya tatu yule mtu alibaki nyuma wenzake walipoondoka.

"Mwalimu," akasema, "mama yangu hali tena. Ubuyu unamkata tumbo. Anaweza uji mwepesi tu. Nipatie kibaba kimoja cha unga. Siku ya mchezo mimi sitakula sehemu yangu, kirudi mahali pake."

Nilimwonyesha lakiri. Nilimweleza kwamba nikiigusa tu itavunjika.

"Basi mwombe bwana."

Nilikwenda. Namshukuru Mungu kwamba angalau nilikwenda. Bwana shauri alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta.

"Nikimpa mmoja leo," akasema, "kesho watakuwa mia mlangoni. Kisha mgeni atakuta nini? Mwambie avumilie. Baada ya mchezo watakula wote. Nimeahidi."

Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali labda ningepata la kumchukia. Nilirudi nikamwambia yule mtu maneno yale, naye akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikia habari za mvua ya nchi nyingine. Nikamwambia asubiri. Nilikwenda chumbani kwangu, nikampa nusu ya unga wangu mwenyewe. Nasema nusu, ilikuwa chini ya nusu. Nilimimina, nikatazama kilichobaki, nikarudisha kidogo kwenye mfuko wangu wa unga kabla ya kumpelekea. Alipokea kwa mikono miwili.

Mgeni alifika siku ya tano, karibu na adhuhuri. Wapishi walikuwa wamewasha moto tangu alfajiri. Watu walianza kukusanyika kabla hata hawajaitwa. Walitoka kila upande, wengine nasikia walitembea tangu Makutupora, wakaketi uwanjani juani bila kusema kitu. Mbele yao palikuwa na viti vya Wadachi, kivuli cha turubai, na askari wamesimama na viboko.

Nilikuwa nyuma ya pazia na daftari langu. Nilikagua alama za majivu, nikakagua vibuyu. Nilimfunga mpishi ushanga wake, nikamsikiliza baba maneno yake ya kwanza, aliyajua yote. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Umelala?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nimekaa na mama. Asubuhi alinitambua," akasema. "Alikunywa uji vijiko viwili."

Niligonga reli. Nikavuta kamba.

Sehemu ya kwanza, ya wizi wa ng'ombe, ilikwenda vizuri. Baba aliwalilia ng'ombe wake kwa sauti ile, akiwaita kila mmoja kwa rangi yake, na uwanjani nilisikia wazee wakiguna, maana kila mmoja alikuwa na wake aliowazika mwaka ule. Wadachi walipiga makofi. Nikafunga pazia.

Sasa kazi yangu ilikuwa nyingi kwa muda mfupi. Wapishi waliingiza chungu cha ugali, sinia za wali na nyama ya mbuzi inayotoa moshi. Niliwapanga wageni kwenye alama zao na kuwakataza wasiguse kitu. Baba alikuwa upande wa pili wa banda, nyuma ya magunia ya mizigo, akivaa kanzu. Ndipo mlango wa nyuma ukasukumwa, akaingia mkewe.

Nilimfahamu kwa sababu alikuwa akija kuchukua posho. Alikuwa amekimbia, kifua kilikuwa kikipanda na kushuka. Alinisogelea, akasema kwa Kigogo, polepole ili nielewe:

"Mama amekufa. Sasa hivi. Niitie mume wangu."

Kati yangu na mumewe palikuwa na hatua kumi. Nilizihesabu baadaye, banda lilipokuwa tupu. Huku mbele bwana shauri alikuwa amekohoa mara mbili, na nilijua maana yake ni kwamba mgeni anangoja. Chakula kilikuwa kinapoa. Mtu wa picha alikuwa ameshaingiza kichwa kwenye kitambaa chake cheusi. Nilikumbuka pia viboko vya askari, na hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, aliyopigwa mtu mmoja juma lililopita kwa kuacha kazi bila ruhusa. Nilifikiri juu ya mgongo wa yule mtu. Nilifikiri na juu ya mgongo wangu.

"Ngoja kidogo, mama," nikamwambia. "Akimaliza. Si muda mrefu."

"Nimwambie mimi mwenyewe." Akataka kupita.

Nilimshika mkono. Mkono wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba vidole vyangu vilikutana. Nilimketisha juu ya sanduku la vyombo, kwenye kona, mahali ambapo mtu aliye jukwaani hawezi kumwona. Hakupigana nami.

Yule baba akaja na kanzu yake nyeupe, akasimama kwenye alama, akanigeukia akingoja ishara. Alikuwa amependeza. Nikagonga reli, nikavuta kamba.

Pazia lilipofunguka na watu wakaona chakula, uwanja mzima ulitoa sauti. Haikuwa makofi wala vigelegele. Ilikuwa kama pumzi ya mnyama mkubwa. Baba akanyoosha mikono na kuwakaribisha wageni wake, akacheka kicheko cha tajiri, kizuri, kinene, kama tulivyokifanyia mazoezi. Mkewe alikuwa amesogea pembeni yangu, akachungulia kupitia tundu la turubai.

"Anacheka," akasema.

Nilikuwa nimeweka kidole kwenye daftari, kwenye mstari unaofuata.

Mtu wa picha akapaza sauti kwamba asitikisike mtu. Bwana shauri akatafsiri. Wale watu wakabaki vilevile, tonge mkononi, mkono karibu na mdomo, mvuke ukiwapiga usoni, mpaka nikaona mpishi anatetemeka. Picha ikapigwa. Wakaruhusiwa kula, nao wakala kwa namna ambayo haikuandikwa kwenye mchezo. Baba peke yake alikula tonge moja tu. La pili aliliminya likawa gumu, akapitisha mkono kama anayejikuna, akalitia kwenye mkono mpana wa kanzu. Akafanya hivyo tena na kipande cha nyama.

Kisha ilikuwa zamu ya wimbo, na kwa wimbo alihitaji zeze. Kumpa zeze ilikuwa kazi yangu. Ilikuwa imeandikwa: baba anakuja pembeni, mwangalizi anampa. Nilimwona anakuja. Mkewe naye alimwona, akasimama. Nikageuka, nikatanua mabega, nikawa kati yao. Mwanamke yule alikuwa mtu mzima, mwenye kufiwa, nami nilimziba kama mlango.

Yule mtu alishika zeze kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akafunua kanzu kidogo nione. Uso wake ulikuwa uking'aa kwa jasho na furaha.

"Nimempatia mama," akanong'ona.

Nyuma yangu nilisikia mkewe akivuta pumzi. Nikamwambia yule mtu, "Wanakungoja." Ndiyo maneno niliyosema. Akarudi akaimba, akashukuru amani, akashukuru serikali, kwa sauti ile iliyofika mpaka kwenye miiba ng'ambo ya reli. Mgeni mkubwa alisimama kumpigia makofi.

Nilifunga pazia. Sikuwa na nguvu tena ya kumziba mtu. Mkewe alimwendea, akamwambia maneno matatu au manne, na sikuyasikia kwa makelele ya nje. Yule mtu akaja kwangu akanirudishia zeze kwa mikono miwili. Akavua kanzu, akaikunja vizuri, kwa kuwa ilikuwa mali ya boma, akaiweka juu ya sanduku. Lile tonge na kipande cha nyama alikuwa amevishika. Alimpa mkewe.

"Kula," akamwambia.

Mkewe akala palepale, amesimama, akilia huku anatafuna, kwa sababu alikuwa na njaa. Kisha wakatoka kwa mlango wa nyuma.

Sikuwafuata. Nilikuwa na vibuyu vya kukusanya. Huko nje ahadi ya bwana shauri ilikuwa inatimizwa, lakini watu walikuwa wengi mno kuliko chakula, wakakimbilia vyungu pamoja, askari wakawapiga, chungu kimoja kikapinduka, na watu wakala ugali na vumbi lake. Bwana shauri alikuja nyuma ya pazia akanishika mkono. Kabla ya siku ile hakuwahi kunishika mkono.

"Kazi safi," akasema. "Hakuna aliyekosea hata mara moja."

Nikasema ahsante, bwana. Nikamwambia kwamba mama wa yule mchezaji amefariki. Akasikitika kweli, akaagiza apewe siku mbili za mapumziko na kilo mbili za unga.

Niliupeleka unga ule mimi mwenyewe siku ya tatu. Nilimkuta ameketi kwenye kivuli cha tembe lake, akitengeneza mpini wa jembe. Aliniamkia yeye kwanza, kabla sijamwahi, kisha akanipa kigoda. Mkewe alitoka, akaniona, akarudi ndani. Nilitoa pole. Akaitikia.

"Mwalimu," akasema, "nataka kukuuliza jambo moja. Ulijua lini?"

Nilikuwa nimejiandalia majibu mengi njiani, na yote yalikuwa ya uongo. "Kabla hujaingia kwenye karamu," nikasema.

Akaendelea kuuparuza mpini.

"Niliogopa wangekupiga," nikasema. "Ungeondoka katikati, wangekupiga."

"Wangenipiga," akakubali. "Wangenipiga sana." Akautazama mpini upande mmoja, akaugeuza. "Lakini ningekuwa nimeondoka. Mama amelala pale, na mimi nacheka mbele za watu. Kucheka kule si wewe uliyecheka, mwalimu. Ni mimi."

Ningeweza kumwambia kwamba hata mimi sikuwa na uwezo, kwamba yule aliyesema hawezi kuniamuru alikuwa ameniamuru kwa kikohozi tu. Lakini hilo lingekuwa la kunisaidia mimi. Nikaweka unga chini. Hakuugusa, wala hakunirudishia. Mkewe alikuja kuuchukua, akauingiza ndani, na mimi nikaona afadhali.

Kabla ya mwezi kwisha hakuonekana tena kwenye mawe. Nilipita upande wa Makole nikakuta tembe limefungwa kwa miiba. Majirani walisema wamewafuata watoto.

Niliendelea kuwa mtu wa nyuma ya pazia. Bwana shauri aliandika michezo mingine miwili, nami nikaisimamia yote, kwa sababu niliambiwa nisimamie. Wachezaji hawakuwa wazuri kama yule. Halafu vita vya wazungu vikaja, banda likajaa risasi na majeruhi, na habari za michezo zikaisha.

Miaka mingi baadaye mchuuzi mmoja wa mbuzi aliniambia kwamba huko Chemba kuna mzee mwenye sauti ya ajabu. Anaita ng'ombe wake jioni na watu wanatoka nje kumsikiliza. Nilimwuliza kama anapiga zeze. Akasema hajui, hakuwahi kumwona nalo. Nikamwambia mchuuzi yule kwamba kiangazi nitafunga safari niende. Kiangazi kilifika, nikawa na shughuli za shule. Kilichofuata nilikuwa na homa. Sikwenda.